Mwaka wa Eksirei Mbili

Tulimzika Baba Ester mwezi uliopita, Kharumwa, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha ardhi kiasi kwamba vijana walichimba kaburi bila kuhangaika na sururu. Mchungaji alimsifu kwa ucheshi wake na kwa mpunga wake, kisha akasema marehemu alikuwa mchimbaji aliyetoka shimoni kwa miguu yake mwenyewe, akazeeka, akafia kitandani kwake, jambo ambalo wengi wa rika lake hawakulipata. Hapo Mama Ester, aliyekuwa ameketi mkekani miguu kanyoosha, aliinua mkono akanionyesha mimi mbele ya watu wote. "Yule pale," akasema, "ndiye tuliyekwenda naye Shinyanga." Watu wakageuka kunitazama. Nilikosa pa kuweka uso, kwa sababu nilichofanya kilikuwa ni kupanda basi tu na kukaa kwenye benchi la hospitali. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikiuwaza mwaka ule kila nikitulia, na nimeona bora niuandike wakati sura za watu bado ninazo, pamoja na sauti zao na hata harufu ya ule uwanja.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Masomo ya darasani ya shahada ya pili nilikuwa nimeyamaliza Dar es Salaam, kilichobaki kilikuwa utafiti, na msimamizi wangu, Dokta Zuhura, aliniambia maneno ambayo wakati ule niliyaona kama kufukuzwa: "Vipimo vyako viko kwenye mtandao, Kabula. Havijali kama uko Dar au uko porini. Nenda kafundishe mahali, ule vizuri, uandike." Shule moja ya sekondari huko Kharumwa ilikuwa haina mwalimu wa fizikia. Nikaenda na begi moja la nguo na laptopu iliyochakaa, nikapata chumba kwa Mama Ester, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne vilivyopangana chini ya bati moja lisilo na dari. Kuta ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, na juu yake ilikuwa hewa ya wote. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha nne wanakuombea afya. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu watu wale sikuambiwa. Niliyasikia nikiwa nimelala chali natazama misumari ya bati.

Mama Ester alikuwa mama lishe. Tangu jua linachomoza uwanja ulinuka moshi, mafuta ya kukaangia na dagaa, na wachimbaji walikuja kwa makundi, wekundu kwa udongo hadi kwenye kope, wakala ugali wa muhogo na mgagani uliopikwa kwa karanga huku wakisimuliana habari za maduara, yaani yale mashimo yao, lipi limefika kwenye mwamba na lipi limejaa maji. Mimi alinipikia kando. Alikuwa ameamua kwamba mtu anayesoma sana hawezi kuishi kwa ugali peke yake, basi kila nikitoka shule nilikuta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na bakuli la maziwa ya mgando vimefunikwa kwa kawa. "Kula, ng'wanawane," alikuwa akisema, yaani mwanangu, "hicho kichwa kitakauka." Mume wake, Baba Ester, alikuwa mchorongaji, mtu wa kutoboa mwamba chini shimoni kabla haujalipuliwa. Alikuwa mfupi, kifua kipana, mwenye kicheko kilichofika barabarani. Mwaka ule, hata hivyo, kila kicheko kilimalizikia kwenye kikohozi, na alishajifunza kucheka nusu.

Chumba cha mwisho alikaa Jumanne, fundi wa mashine kutoka Kondoa, aliyehudumia jenereta la karasha, ule mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Laptopu yangu ilikuwa ikichajiwa pale karashani, kwenye kibanda cha Jumanne, mchana baada ya vipindi, mtambo ukinguruma na vumbi jeupe likitua juu ya kila kitu kama unga wa mahindi. Ilinibidi niifunike kwa kanga na kuchungulia ndani yake. Siku moja Jumanne akaingiza kichwa naye.

"Hizi nukta ni nini, mwalimu?"

"Ni nyota iliyokufa."

"Mbona zinashuka?"

"Mwanga wake unafifia. Nyota kubwa sana ikifa, inatoa mlipuko wa miale mikali, sekunde chache tu. Halafu unabaki mng'ao unaokwisha polepole, saa hadi saa, siku hadi siku. Hizi za buluu ni mng'ao huo ulivyopimwa kwa mwanga wa kawaida, huu tunaoonea. Hizi nyekundu ni mng'ao huohuo, umepimwa kwa eksirei."

"Eksirei? Hizi za hospitali?"

"Hizo hizo. Tofauti ni kwamba hizi zinatoka mbinguni, na kuna setilaiti inazipokea."

Akafuta kioo kwa kiganja. "Na wewe unatafuta nini humo?"

"Nataka kujua kama vinafifia pamoja. Vingekuwa ni kitu kimoja, vingeshuka pamoja. Lakini tazama hapa, hii nyekundu imeanguka ghafla, ya buluu inateremka tu kana kwamba haina habari."

"Kwa nini?"

"Hakuna anayejua."

Nakumbuka jinsi jibu hilo lilivyomfurahisha. Alirudi kwenye jenereta lake akitikisa kichwa na kurudia, "Hakuna anayejua!" kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezoea kulisema jibu hilo kwa woga, mbele ya maprofesa, na ni pale kwenye vumbi la karasha nilipolisikia kwa mara ya kwanza jinsi lilivyo kubwa. Nukta zile zilikuwa zimepimwa na watu nisiowajua, kwenye milima ya nchi nisizozijua, nami ninaziweka kwenye mchoro mmoja nikiwa Kharumwa, na bado sote tulikuwa kwenye ukingo uleule wa kutojua.

Habari ya mwalimu wa eksirei ilizunguka uwanjani kabla ya wiki kwisha, na ikabadilika njiani kama habari zote. Wakati huo Baba Ester alikuwa amekwisha kupewa dawa za kifua kikuu, akazimaliza, akapewa tena, ingawa makohozi yake kila yakipimwa hayakuonyesha kitu. Alikonda. Akipanda ngazi za duara alipumzika katikati, na wenzake walimtania kwamba anahesabu matimba, zile nguzo za kushikilia kuta za shimo. Alfajiri moja nikasikia juu ya ukuta sauti ya Mama Ester, ya chini, ya mtu aliyelia akamaliza.

"Twende Shinyanga ukapigwe picha."

"Picha itaniambia nini? Nina kikohozi, ninakijua."

"Tutakwenda na mwalimu. Yeye ndiye anazisoma."

Nikakaa kitandani. Kulipokucha nilimfuata jikoni, nikamweleza kwa kadiri ya uwezo wangu kwamba mimi si daktari, kwamba eksirei ninazozijua ni za nyota, na kifua cha mtu sijapata kukisoma hata kimoja.

Alikuwa anachochea kuni. Hakugeuka. "Mwalimu, eksirei si eksirei?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Basi tutakwenda Jumamosi. Nitakaanga karanga za safari."

Nimefikiria mara nyingi kwa nini sikukataa. Nadhani ni kwa sababu alikuwa amekosea kuhusu mimi tu. Kuhusu eksirei alikuwa sahihi kabisa. Ule mwanga unaopita kwenye nyama na kukwama kwenye mfupa ndio huohuo unaotoka kwenye kifo cha nyota. Nilikuwa nimefaulu mitihani kwa kulijua hilo, lakini sikuwa nimelihisi mpaka nilipokuwa kwenye benchi la hospitali ya Shinyanga, nikisikia kupitia mlango sauti ya mpiga picha ikimwambia Baba Ester, "Vuta pumzi. Shika. Usiiachie." Nilijikuta nami nimeishika pumzi yangu. Halafu kikaja kikohozi, kirefu, na sauti ikasema kwa upole, "Tutarudia, mzee wangu. Tuna muda."

Wakatuambia turudi alasiri. Mama Ester alibaki naye kwenye kivuli cha ukuta, nami nikaenda mjini kwenye duka la intaneti, kwa maana ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kuchukua vipimo vipya. Palikuwa na wanafunzi wawili, feni iliyogoma, na mwenye duka aliyekuwa anakula chipsi. Nikafungua ukurasa wa taarifa za milipuko ya nyota. Kulikuwa na mlipuko mpya. Setilaiti ilikuwa imegeuka upesi ikaukuta mng'ao wa eksirei uking'aa vizuri, bila shaka yoyote. Kisha zilifuata taarifa fupi fupi za darubini za duniani, moja baada ya nyingine, kutoka pande zote: tumetazama, hatuoni kitu. Tumetazama, hatuoni kitu. Niliteremka ukurasa mzima nikisoma hayo hayo. Mahali ambapo eksirei zilikuwa zinawaka kama tanuri, kwa macho palikuwa giza tupu. Niliwahi kusoma kwamba milipuko ya namna hiyo ipo, lakini sikuwahi kuiona ikitokea, nikiwa nimekaa, watu wa dunia nzima wakipapasa gizani mahali pamoja. Nikavipakia vyote kwenye flashi, nikaifunga kwenye ncha ya kanga.

Niliporudi, daktari alikuwa tayari. Alikuwa kijana, pengine alinizidi miaka michache tu. Aliibandika filamu kwenye kioo chenye taa, akawasha. Mbavu zilijitokeza, na moyo, na katikati ya weusi wa mapafu palikuwa na vidoa vyeupe, vidogo, vingi, vimetapakaa juu kuliko chini, vimetanda pande zote mbili. Wote watatu, daktari na Mama Ester na mgonjwa mwenyewe, walinitazama kwanza mimi. Daktari alikuwa ameshaambiwa kwamba nazijua.

"Mimi sijui hivi ni nini," nikasema.

"Mzee, kazi yako ni nini?" daktari akauliza.

"Kuchoronga."

"Kwa maji au kavukavu?"

"Maji yanatoka wapi? Kavu."

Daktari akaweka kidole kwenye filamu bila kuigusa. "Hiki si kifua kikuu. Hili ni vumbi la mawe. Limeingia, likakaa, na mwili umelizungushia kovu. Sina dawa ya kulitoa, sitakudanganya. Lakini ukiacha leo, unaweza kuishi na hili ulilonalo. Ukirudi chini, halitakupa muda."

Baba Ester alisimama, akakisogelea kioo mpaka uso wake ukawa mweupe kwa ile taa. Alitazama kwa muda mrefu. Mtu aliyetumia maisha yake kutoboa miamba ili aone kilichomo ndani, sasa alikuwa anajitazama ndani mwenyewe. "Huyu ni mimi?" akauliza. "Ni wewe, mzee." Akaguna, kama mtu anayekubali kitu kizuri. Nasema kizuri kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa picha ya kutisha, na ilikuwa nzuri kama anga lililojaa nyota.

Kwenye basi la kurudi alikaa dirishani na bahasha kubwa juu ya magoti. Mimi nilikuwa na flashi yangu kwenye kanga. Kabla hatujafika Kahama nilikuwa nimeshaamua: ule mlipuko wangu wa giza ulikuwa umejificha nyuma ya vumbi. Nyota kubwa huzaliwa na kufa haraka, mara nyingi ndani ya mawingu yaleyale ya vumbi yaliyozizaa. Vumbi hilo huzuia mwanga wa kawaida na kuziacha eksirei zipite. Kila kitu kilikubaliana. Nilikuwa nimekaa kando ya mtu ambaye vumbi lake lilikuwa limeonekana kwa eksirei, na nikahisi kwamba ulimwengu mzima, kuanzia kifua kile hadi mwisho wa anga, umeandikwa kwa mwandiko mmoja. Jumatatu nilimpigia Dokta Zuhura nikamwambia. Akanisikiliza, akasema, "Inawezekana. Lakini kuna njia nyingine ya kutoonekana kwa macho, Kabula. Ngoja."

Mambo hayakungoja uwanjani. Haikupita muda, Jumapili baada ya ibada, wenzake wa duara walikuja, wakiongozwa na Masanja, mwenyekiti wao, mtu mzito wa maneno machache. Shimo lao lilikuwa limefika kwenye mwamba wenye dhahabu. Miaka waliyochimba kifusi kitupu ilikuwa imelipa. Nilikuwa chumbani, na juu ya ukuta nikasikia kila neno.

"Unatuacha sasa?" Masanja alisema. "Tulipokuwa tunakula njaa ulikuwepo. Leo tumeufikia unasema unaumwa."

"Ninaumwa."

"Kila mtu anakohoa. Hata mimi ninakohoa."

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha bahasha ikifunguliwa. Nikatoka mlangoni. Baba Ester alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameinua filamu kwa mikono miwili kuelekea jua, na wanaume wale wakubwa wameinua nyuso. Mama Ester aliacha kukoroga chungu.

"Hii ni nini?" mmoja akauliza.

"Mimi. Ndani. Hivyo vyeupe ndiyo mawe yenu. Nimeshabeba yangu, Masanja, sasa nabeba ya wote."

Hakuna aliyecheka. Masanja aliichukua ile filamu, akaigeuza, akaitazama tena dhidi ya jua, na mkono wake mwingine ukapanda polepole ukajishika kifuani. Walikaa mpaka chakula kikaiva, wakala bila kuzungumzia duara. Waliondoka wakimpa mkono mmoja mmoja, kama watu wanaoaga msibani. Nilikuwa na hakika kwamba amekata shauri kwa urahisi, mpaka alfajiri iliyofuata niliposikia upande wa pili wa ukuta mwanamume akilia kwa sauti ya kuzuiwa, na mke wake akimwambia, "Lia tu. Utalima. Kuna bonde la mpunga pale, mimi nitakuonyesha kulima." Wiki ile Masanja alinunua pampu ya maji ya kuchorongea, na Jumanne akaenda kuifunga.

Dokta Zuhura alinipigia wakati mpunga wa kwanza wa Baba Ester umeshaanza kuchanua. Nilikuwa uwanjani, saa ya chakula cha mchana, nimeshika tonge.

"Kabula, umekaa? Wameuona. Ule wako. Hawakuuona kwa macho, wameuona kwa miale ya joto, kwa infraredi."

"Kwa hiyo ni vumbi," nikasema.

"Si vumbi. Upo mbali. Mbali kuliko yote uliyo nayo kwenye jedwali. Mwanga umenyooshwa na safari mpaka macho hayawezi tena kuuona, na ule wa kawaida wote umemezwa na gesi njiani. Ulimwengu wenyewe ulikuwa bado mtoto."

Nilipokata simu, wote walikuwa wananitazama. Nililirudisha tonge sahanini. Baba Ester alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango, kofia ya mjini kichwani, akiwa ameshaanza kurudisha mwili kidogo.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Nyota, baba. Ile ambayo haikuonekana. Nilidhani imefichwa na vumbi."

"Kama mimi."

"Nilidhani hivyo. Kumbe halikuwa vumbi. Ilikuwa mbali tu."

Alifikiri. "Basi mmoja wetu alikuwa mzima," akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akacheka kicheko chote, mpaka barabarani, kikohozi kikamkuta, akakisubiri kipite. Halafu akauliza, "Mbali kiasi gani?"

Nilijaribu. Nilimwambia kwamba mwanga hauna kitu kinachoushinda mbio, na kwamba huo ulikuwa njiani muda wote tangu mwanzo.

"Nilipozaliwa mimi ulikuwa njiani?"

"Ndiyo."

"Babu zangu walipokuja na ng'ombe kutoka huko walikotoka?"

"Ulikuwa njiani. Ulikuwa umeshakaribia kufika."

"Milima hii ilipokuwa inawekwa?"

"Dunia haikuwepo, baba. Jua halikuwepo. Ulipoondoka, hata nyota iliyokuja kuwa jua letu haikuwa imefikiriwa."

Jumanne aliacha kutafuna. Mama Ester alisema jambo kwa Kisukuma, taratibu, jina la Mungu likiwa ndani yake. Jua la saa saba lilikuwa juu ya bati, na kuku walikuwa wamejilaza chini ya gogo. Baba Ester alijiinua kwenye kigoda kwa kusukuma magoti, akatoka kivulini mpaka katikati ya uwanja. Akavua kofia.

"Unavua kofia kwa ajili ya nani?" mke wake akauliza.

Aliinamisha kichwa, mikono pamoja mbele, kama anavyosimama mtoto aliyelelewa vizuri, akasema juu, kwenye anga tupu la mchana:

"Shikamoo."